Jina la Zagabe Kwenye Karatasi za Kodi

Mpendwa mshauri Maman Jeanine, naomba msaada, tena upesi, kwa kuwa daktari ameacha kunipangia tarehe za kurudi. Nina miaka themanini na mmoja, nilifundisha sekondari hapa Bukavu huku nikipiga muziki, hivyo nilikuwa na mapato mawili, mshahara ambao kodi yake ilikatwa kabla sijauona, na haki za mtunzi, yaani fedha anazolipwa mtunzi wimbo wake unapopigwa, za wimbo mmoja wa harusi uliopendwa sana, ambazo nilipaswa kuzitangaza mwenyewe kwa ofisi ya kodi kila mwaka, nikiruhusiwa kuondoa gharama za kazi, yaani nyuzi za gitaa, kukodi vyombo na malipo ya wapigaji, na hapo ndipo nilipoanguka. Kwa miaka kumi na moja niliandika kwamba nusu ya haki zile nimemlipa mpiga gitaa wangu, Zagabe wa kijiji cha Miti, ili kodi ipungue, nikamtilia sahihi kwa mkono wangu wa kushoto ili mwandiko usifanane na wangu, na yeye hakupata hata franga moja, ingawa gitaa linalofungua wimbo ule alilibuni yeye. Nilimwambia wimbo hauleti kitu. Sasa kila Jumapili baada ya misa Zagabe huniletea ndizi, hunikata kucha, na juzi alicheka, "Papa Prof, ile wimbo haikutupatia kitu, lakini batoto ba Miti banaiimba. Ile njo mushahara yetu!" nami nikageukia ukuta nikajifanya nimelala. Nimeandika barua ya kukiri yote, aifungue nikishazikwa. Je, inatosha?

Mwalimu, Bukavu

Pole kwa ugonjwa, Papa. Haitoshi. Unataka Zagabe akulilie, abebe jeneza lako, ndipo asome kwamba kwako alikuwa gharama ya kazi? Hiyo si toba, ni kukimbia. Serikali uliidanganya mara moja kwa mwaka. Zagabe unamdanganya kila Jumapili.

Mshahara wako uache, hauna kosa. Mwambie mtu wa nyumbani mwako atoe karatasi za haki za mtunzi, ajumlishe yote uliyodai kumlipa Zagabe, na jumla hiyo apewe, hata kama ni kwa kuuza kiwanja. Lakini kumlipa leo hakuzifanyi sahihi zile kuwa za kweli. Kwa hiyo andika pia kwenye ofisi ya kodi, useme uliondoa gharama ambazo hukuzitoa. Faini ikija, ilipwe kabla ya jeneza zuri.

Kisha kumbuka, wewe umesoma: haki za mtunzi hazikomi siku ya mazishi. Mwandikishe Zagabe kuwa mtunzi mwenzako wakati mkono wako bado unashika kalamu, na safari hii atie sahihi mwenyewe.

Jumapili hii akiingia, usigeukie ukuta. Mwambie kabla hajashika kucha hata moja. Akiondoka, ana haki, usimwite. Akibaki, Papa, mpe kwanza ule mkono wa kushoto.