Kimanga cha Mama na Mayai Yangu Mawili

Alhamisi, Voi. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo umeleta vumbi mpaka ndani ya sufuria, na leo sina ugomvi na mtu. Nimetoka kliniki.

Sukari imeshuka.

Naandika tena ili nione kwa macho yangu: sukari imeshuka, na kilo tisa zimekwenda zilikokwenda.

Mwaka jana sista wa kliniki aliponiambia kwamba sukari yangu inapanda na lazima nipunguze mwili, sikusikia kitu kingine. Nilimwona baba. Baba alikatwa mguu kwa ugonjwa huo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga bendeji. Nikarudi nyumbani nikampa jirani unga wote. Ugali marufuku, wali marufuku, viazi, ndizi, mihogo, vyote. Nikabaki na mayai, nyama na sukuma wiki.

Nilipungua haraka. Pia nikawa mkali kama pilipili. Mimi ni karani wa shule, na wazazi waliokuja kuulizia fomu walikoma. Halafu kwenye harusi moja huko Maungu nilijificha nyuma ya hema la wapishi, nikala chapati sita nikiwa nimesimama, bila mchuzi. Baada ya hapo sikujizuia tena. Kilo zote zikarudi na nyingine juu.

Lakini hiyo siyo aibu ninayotaka kuungama.

Pasaka, kabla ya hizo chapati, nilipanda Wundanyi kwa mama. Alikuwa amepika kimanga: maharagwe, mihogo na ndizi, amekiponda mwenyewe kwa mwiko mpaka kikashikana, akakiweka katikati ya meza ili kila mtu akate upande wake. Ndivyo tulivyolelewa. Mimi nikafungua mkoba, nikatoa mayai mawili ya kuchemsha niliyotoka nayo Voi, nikayamenya mbele yake.

Mama akanisogezea chumvi.

Wiki hiyo dada yangu mdogo, Wakesho, alinipigia simu. Mama alikuwa amewaomba akina mama wa kanisa waniombee. Aliwaambia mwanawe hawezi tena kula mkononi mwake na hajui alimkosea nini.

Tangu hapo kila nikienda ananiwekea mayai mawili kwenye sahani yenye maua, ile ya wageni. Wenzangu wanakata kimanga na kucheka, mimi nakula kwa uma. "Karibu sana," ananiambia, kwa sauti ile anayozungumza nayo na mchungaji. Inauma. Ningeweza kumweleza, lakini nilikuwa naogopa kwamba nikionja tu, sitajua pa kuishia.

Kilo ziliporudi, sista hakunigombeza. Aliniuliza ninakula nini, kisha ninakunywa nini. Nikamwambia chai tu, mara nne kwa siku, vijiko vinne kila kikombe. Nilikuwa nimeacha hata kiazi, lakini chai sikuihesabu. Kwetu chai si chakula.

Sista alicheka mpaka akavua miwani. "Ugali haujakukosea kitu. Hiyo chai ndiyo uzungumze nayo."

Nikamuuliza kuhusu kimanga, kwa woga.

"Si kina maharagwe? Kula kipande, usile sufuria. Nusu ya sahani iwe mboga. Na utembee."

Basi ndivyo nilivyofanya. Chai bila sukari, ambayo wiki ya kwanza niliinywa kama dawa. Ugali wa ukubwa wa ngumi yangu. Kutoka shuleni narudi kwa miguu, nusu saa, jua likishapoa. Jumapili najipikia kimanga kidogo, nakata kipande kimoja, nafunika. Mwezi wa kwanza mzani haukusogea nikalia bafuni. Mwezi wa pili sketi ikaanza kuzunguka kiunoni. Na kelele za njaa kichwani zilinyamaza, hilo sikulitegemea kabisa.

Kwa mama niliendelea na mayai. Nilitaka damu yangu iseme kwanza.

Leo imesema. Nilipotoka tu getini nilimpigia simu, nikamwambia ninakuja Jumamosi.

"Nikuchemshie mayai mangapi?" akauliza.

"Hata moja, Mama. Pika kimanga."

Nikamweleza yote hapo kando ya barabara: mguu wa baba, woga wangu, chai, kipande kimoja. Nikamwambia hakunikosea kitu, ni mimi niliyemkosea. Nililia, na watu walipita wakiniangalia, waangalie tu.

Mama akavuta pumzi. "Basi uje mapema. Mihogo utamenya wewe."

Mwaka mzima hajanituma kitu. Wageni kwa mama yangu hawamenyi mihogo.

Nimeshanoa kisu. Kiko kwenye mkoba, palipokuwa na mayai.