Mwanamke wa Biharamulo Kwenye Sehemu ya Sita

Nemba, Biharamulo
Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba hata kama umenikasirikia, kwa hiyo naendelea. Goti lako linasemaje na baridi ya huko mlimani? Na kifua cha kaka Deus, kimetulia? Sisi huku tumeamka. Baba Editha ameshaenda shambani. Festo ameota meno mawili ya chini na ananing'ata kila akinyonya. Hapa ninapoandika yuko mgongoni anarusha miguu, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka.

Barua hii nitampa Mzee Anselimu, jirani yako wa jumuiya, aliyekuja kumtazama binti yake huku na anarudi kesho. Nimeandika kwa sababu simu ya hapo nyumbani ni ya wifi Speciosa, na tangu Alhamisi nilipomtolea maneno hapokei. Jana nimepiga mpaka salio likaisha. Simlaumu. Najua pia macho yako hayasomi tena maandishi madogo, na kwamba wifi ndiye anayekusomea hapa. Wifi, nakuomba usiiweke chini. Soma mpaka mwisho, hata pale patakapokuchoma. Jambo lenyewe ni la Editha, mwanangu niliyekuachia, na lina siku yake. Lazima lifanyike kabla ya gulio la Jumatano.

Nianze na hiyo Alhamisi. Mama, uliniambia kwamba Jumatano Editha alikwenda gulioni na wifi kuuza nyanya, kwamba jua lilikuwa kali na wifi akamkalisha kwenye kivuli cha banda la video, na kwamba tangu aliporudi hajala kitu, amejikunyata tu nyuma ya gunia la maharage. Nikasema mpeni simu. Nikamsikia anavyopumua. Nikamwambia, "Editha, mama wewe, mbona huli?" Akanijibu, "Wewe siyo mama. Mama hatarudi." Kisha nikasikia simu imeanguka na miguu inakimbia.

Mtoto wa miaka sita, Mama. Damu ilinipanda kichwani. Nikasema hilo neno hakulizaa mwenyewe, kuna mtu mzima kamjaza. Nikamtaka wifi kwenye simu, nikamwambia anamtia mtoto wangu sumu kwa sababu yeye Mungu hajampa wa kwake. Nilisema hivyo. Na sikuomba radhi hata palepale. Nilikata simu nikarudi kuchambua mchele kama mtu aliyeshinda kesi.

Jana Ijumaa ilikuwa gulio la huku Nemba. Siku hiyo hoteli ya Mama Koku, tajiri wangu, haina nafasi ya kupumua. Saa nane mchana akanituma nipeleke birika la chai na chapati kwenye banda la video, wateja walikuwa wameagiza. Wewe hujawahi kuingia humo, ngoja nikueleze. Ni banda la mabati, madirisha yamezibwa kwa turubai jeusi, watu wamebanana kwenye mabenchi. Mbele kuna runinga kubwa, na pembeni amekaa mtafsiri na kipaza sauti. Wazungu wanaongea lugha yao, yeye anaongea juu yao kwa Kiswahili, sauti zote anafanya yeye, mwanamume, mwanamke, mtoto, mpaka farasi. Spika moja iko ndani na nyingine ameitundika nje ili kuvuta wateja. Huyu anazunguka na mashine zake kwenye magulio. Jumatano anakuwa kwenu Bukiriro, huko Ngara, Ijumaa anakuwa kwetu, na kila wiki anaonyesha sehemu moja ya tamthilia ileile.

Niliingia wakati sehemu ya sita inaanza, na mwenye chapati zake alikuwa mbele kabisa, basi nikabaki nimesimama. Ni habari ya Roma ya zamani. Ndiyo Roma hiyohiyo ya Baba Mtakatifu, lakini watu wake walikuwa bado hawajamjua Mungu. Walikuwa wananunua wanaume watumwa, wanawafuga kwenye boma, wanawafundisha kuuana kwa panga, halafu wanawapeleka uwanjani ili watu wawatazame kama sisi tunavyotazama mpira. Damu, Mama, siwezi kukuficha, ni nyingi kupita kiasi. Inaruka mpaka unafumba jicho ukidhani itakupata. Kuna mmoja alikatwa mkono na bado ule mkono umeshika panga. Na huku juu matajiri wamejilaza wanakula matunda, wanacheka. Nikawachukia wale wenye matunda kuliko hata wenye mapanga. Kisha mtu mmoja akaanguka, benchi zima likapiga makofi, nikaona hata mkono wangu umeinua birika juu.

Lakini sehemu hiyo ya sita siyo ya mapanga hasa. Mle bomani kuna mwanamke mpishi. Anapika uji wa shayiri kwenye chungu kikubwa, na ana binti mdogo anayemchotea maji. Kuna mpiganaji mmoja mwenye jeraha la paja, mtafsiri anamwita Shoka, na bwana wa boma ameamuru asilishwe mpaka akubali kupigana tena. Yule mpishi anampelekea uji kwa siri chini ya kanga, sijui wale wanaiitaje. Bwana akaona bakuli. Akacheka tu. Kesho yake binti yuko kisimani, wakaja wanaume wawili, wakamfunga mama yake mikono, wakampakia kwenye mkokoteni. Mtoto anarudi na chungu kichwani anaona vumbi. Anatupa chungu, anakimbia. Hakuna panga hata moja katika kipande hicho, na ndicho kilichonitoa jasho.

Mtoto anapiga kelele, na mtafsiri naye kwa sauti nyembamba: "Mnampeleka wapi mama yangu?" Halafu kwa sauti nzito ya yule bwana: "Ameuzwa Ngara! Huko kuna baridi ya kuua na simba wenye njaa. Hatarudi!"

Banda likapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja wa Kisukuma akapiga paja: "Watu wa Ngara wamezidi, siku hizi wananunua mpaka watumwa!" Mwingine akamjibu, "Watamlisha ndizi mpaka aombe mwenyewe apelekwe kwa simba!" Walicheka mpaka wengine wakakohoa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia "hatarudi", kwa sauti ileile iliyonyooka kama aliyoitoa Editha kwenye simu. Nikasimama hapo mpaka mwisho, na Mama Koku ananisubiri. Mwisho wenyewe ni huu. Geti la uwanja linafunguliwa, yule mpishi anasukumwa ndani, amepewa ngao kubwa kuliko kifua chake, bado amefunga kitambaa chake cha jikoni kichwani. Upande wa pili geti lingine linaanza kupanda polepole, kinaonekana kivuli cha mnyama. Basi, picha ikakatika. Watu wakazomea, wakatoka.

Nikamfuata mtafsiri alipokuwa anakunywa chai yetu. Nikamuuliza, "Kaka, pale kwa mpishi, kwenye picha yenyewe wanasema anapelekwa wapi?"

"Mji fulani wa kwao huko, dada. Jina lenyewe halitamkiki."

"Na Bukiriro Jumatano ulisema wapi?"

Akacheka, alidhani namsifia. "Bukiriro ni lazima niseme Biharamulo! Kila mahali nawauza kwa jirani zao. Bila hivyo watu wanasinzia."

"Mwanangu yuko Bukiriro. Ana miaka sita. Alikuwa amekaa nje ya banda lako."

"Mimi watoto siwaingizi. Uliza mtu yeyote."

"Spika yako ya nje ina mlango?"

Nikamwambia, "Mimi mama yake niko Biharamulo. Na kazi yangu ni upishi." Hapo akaweka kikombe chini.

Wifi, umeona? Hukumwambia kitu mtoto. Ulimtafutia kivuli, nami nikakutukana kwa jambo ambalo nalijua linavyokuliza. Sina cha kujitetea. Nisamehe. Nimeandika ili ulisome kwa sauti mbele ya Mama, maana na tusi nililitoa akiwa anasikia.

Sasa sikilizeni, kwa sababu halijaisha. Nilimuuliza yule mtafsiri kama yule mwanamke anapona. Akaanza kunizungusha, "Njoo Ijumaa ijayo dada, nitakuwekea benchi la mbele." Nikamwambia sikuulizi benchi, nakuuliza anapona? Akakuna shingo. "Haponi. Ni mwanzoni tu mwa sehemu ya saba. Na ni mbaya, dada, wameionyesha yote." Na sehemu hiyo ya saba anaionyesha kwenu Jumatano hii. Nikamwambia abadilishe jina. Akasema watu wa Bukiriro wameshamzoea, wanamwita Mwanamke wa Biharamulo, akibadilisha watamzomea. Nikamwambia, "Wakuzomee." Mwishowe akaahidi atataja jina la huko kwao Roma. Mimi simwamini. Siyo mtu mbaya, lakini nilimwona macho yanavyong'aa watu wakicheka.

Kwa hiyo Mama, nakuomba, na kwa hili nakuomba kwa nguvu. Jumatano Editha asikanyage gulioni. Hata nyumbani asishinde siku hiyo, apelekwe mbali na gulio, maana upepo ukivuma upande wenu ile spika inafika mpaka kwenye migomba. Mtu asimchape kwa kutokula. Yule mama wa dawa uliyemtaja kwenye simu usimwite, mtoto hakurogwa. Wala msimwambie "ni picha tu," maana yeye amesikia mtoto akimlilia mama yake, huwezi kumwambia hakusikia. Mwambieni yule mama wa kwenye picha ni wa mbali, na kwamba mtu mmoja alichezea jina la mahali ili watu wacheke. Hilo atalielewa. Watoto wanajua sana mtu anapodanganya ili achekeshe.

Na kuna jambo lingine ambalo nimelala nalo usiku kucha likinigeuza. Mama, unakumbuka siku niliyoondoka. Wewe ulinishauri nimtume Editha kisimani ili asilie, na mimi nilikubali. Nilimpa lile dumu dogo la njano, nikamwambia akirudi tutapika viazi. Alipogeuka pale kwenye mti wa Mzee Anselimu, mimi nikapanda pikipiki na Festo mgongoni. Sikumuaga. Mtoto wangu mwenyewe alirudi na maji akakuta nyumba haina mama. Yule mtafsiri alitia jina tu. Mengine yote Editha alikuwa anayajua tayari, alishakimbia kwenye vumbi hilo. Wakiniuliza kama sehemu ya sita ni nzuri, nitasema imetengenezwa vizuri kweli, na nitasema asiitazame mtu aliyemwacha mtoto kwa namna niliyomwacha mimi. Sikulaumu, Mama. Ulitaka nisione akilia. Lakini safari nyingine hatutafanya hivyo tena, hata kama atalia mpaka njia nzima isimame.

Ninakuja Jumanne; hayo ya gulio nimeyaandika nisije nikakwama njiani. Nimemwambia Mama Koku. Akasema, "Devotha, ukiondoka wiki hii usitegemee kukuta sufuria zako zinakungoja." Nikamwambia asante mama, utampata mwingine wa kuzishika. Ila nimekubali kumfanyia mpaka Jumatatu jioni, ndiyo maana siwezi kuja leo, na kila saa inayopita naihesabu. Baba Editha aliposikia alifunga jembe lake kwenye mpini, akasema, "Mlete. Chumba ni kimoja lakini tutabanana. Shule zipo na huku." Basi nakuja kumchukua, Mama. Najua umemzoea na nyumba itakuwa na ukimya. Tutazungumza mimi na wewe, lakini uamuzi huo sitaubadilisha.

Msalimie kaka Deus, mwambie dada yake anajua kwamba ana deni la kumwangalia machoni kwa ajili ya mke wake. Msalimie baba mdogo wa kule Mabawe akipita, na yule shangazi wa kwaya anayemsuka Editha nywele. Wifi Speciosa, salamu zako sizitumi kwa barua, nitakuletea mwenyewe nikiwa nimepiga magoti, na ukikataa kuinuka kitini nitaelewa.

Mama, Jumanne msimvalishe Editha nguo ya Jumapili, wala msimsukume aje kunilaki. Akiniona ghafla mlangoni anaweza kunikimbia kama alivyoikimbia simu. Pikipiki itaniacha barabarani. Nitasimama hapohapo mchana kweupe, Festo mgongoni, niite jina lake ili anisikie akiwa mbali na aniangalie kadiri anavyotaka. Asipokuja nitakaa chini kwenye majani nimngoje. Mtu asije kunichukua. Sitaingia ndani mpaka aje yeye anishike mkono.

Mimi binti yako anayekupenda,
Devotha, mama yake Editha