Nilipita Kwenye Sita

Los Pepines,
Santiago.
Jumapili, 17 Machi 2019.

Mpendwa Mjomba Eligio,

Naomba baraka yako kwanza, maana hata kwenye barua sithubutu kuanza bila hiyo. Hujambo huko Lawrence? Baridi imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili? Na Zunilda, goti lake linaendeleaje? Sisi huku wazima. Mama presha yake imetulia, isipokuwa siku anazokula chumvi kwa siri halafu akamsingizia daktari. Umeme unakuja na kuondoka bila kuaga, kama kawaida yake.

Zile penseli za rangi ulizompa Radhamés alete zimefika, na watoto wa hospitalini kwetu wamezigombania. Asante sana, Mjomba.

Nimechelewa kukuandikia, na sababu si wingi wa kazi. Ni aibu. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Ningekupigia simu ungenitania, nami ningecheka, mambo yakaishia hapo. Nimeona heri niandike.

Kazi yangu unaijua, ingawa hukosi kusema kwamba nalipwa kwa kucheza. Mtoto akienda kupasuliwa, mimi ndiye ninayemwonyesha kwa mwanasesere bomba litapita wapi. Akiogopa sindano, namwacha amchome mwanasesere kwanza. Na kama itauma, namwambia itauma. Miaka kumi na minne nimewafundisha wauguzi wapya kwamba mtoto mgonjwa hadanganywi, tena nimewafundisha kwa kiburi.

Kuna binti anaitwa Yokasta, ana miaka kumi na mmoja. Figo zake zimechoka, kwa hiyo siku tatu kila wiki analetwa kusafishwa damu kwa mashine. Anaruhusiwa nusu lita ya maji kwa siku, naye huyanywa kwa kifuniko cha chupa ili yadumu. Ameapa kwamba akipata figo mpya atakunywa jagi zima la juisi ya pesheni, peke yake, bila kumgawia mtu. Akitoka kwenye mashine huja kwenye chumba changu cha kuchezea, tunacheza dhumna, yaani domino, mimi na yeye, kete saba saba, nyingine zinalala kifudifudi bila kuchezwa.

Nacheza naye kama ulivyonifundisha wewe, bila huruma. Ulinipiga tangu nikiwa na miaka sita, nikalia, Mama akakugombeza, nawe ukamjibu kwamba kumwachia mtoto ashinde ni kumwambia hawezi. Nilipokuja kukushinda mara ya kwanza, nikiwa na miaka tisa, nilijua nimeshinda kweli, na ushindi ule naringia mpaka leo. Yokasta hunishinda labda mara moja katika kumi, na siku hiyo wodi nzima hupata habari. "Leteni kitanda," huwaambia wauguzi, "Belkis amezidiwa."

Shangazi yake alikuwa amejitolea kumpa figo. Vipimo vilichukua miezi mitano. Alhamisi moja mwezi uliopita, asubuhi, daktari alitueleza kwamba figo ya shangazi haifai. Miledys, mama yake Yokasta, alikuwa ameketi pale pale. Alituomba jambo moja tu: mtoto asiambiwe mpaka Jumapili, bibi yake atakaposhuka kutoka Jánico, ili amwambie mwenyewe, nyumbani kwao. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe cheza naye kama siku zote," alisema.

Nikasema sawa.

Mchana tukakaa mezani mimi na Yokasta. Nilivitazama vidole vyake vikizipanga kete, na mkono wake ule uliovimba kwa sindano, nikashindwa kucheza kama siku zote. Mchezo ulifika mahali ambapo ncha zote mbili zilikuwa sita. Mimi nilikuwa na kete ya sita na tatu. Nikagonga meza, nikasema napita, kama mtu asiye na sita hata moja. Akaweka sita yake, na baada ya zamu chache akaweka kete yake ya mwisho. Nikampigia makofi. Nikamwambia, "Leo umecheza kama bingwa."

Mjomba, nilisahau jambo ambalo kwetu hata mtoto wa miaka minne halisahau. Mchezo ukiisha, kete zilizobaki zinafunuliwa zihesabiwe pointi. Yokasta akazifunua zangu.

"Ulipita kwenye sita," alisema.

"Sikuiona."

"Wewe? Wewe unazijua hata zilizolala."

"Nimechoka leo, mwanangu."

Aliisukuma ile kete mpaka ikagusa kidole changu. "Figo ya shangazi imekataa, sivyo?"

Nikamwambia hapana. Nilimkazia macho nikamwambia sijui lolote.

Hakulia. Alishuka kitini akaenda moja kwa moja ukumbini, alikokuwa mama yake na kahawa yake, akamuuliza mbele ya watu. Miledys hakuweza kukana. Alikaa sakafuni, kahawa ikamwagika, na mtoto ndiye aliyemshika mama yake mabega. Ndivyo Yokasta alivyopata habari yake, katikati ya watu asiowajua, bibi yake akiwa bado Jánico.

Baadaye Miledys alinikuta nakusanya kete. Hakupaza sauti.

"Nilikuomba siku tatu," alisema. "Kazi yako si kucheza? Basi ungecheza."

Wenzangu wananiambia ni huruma tu, mimi ni binadamu. Wangenigombeza ningepumua. Nilimwonea huruma mtoto aliyeniamini kwa sababu simwonei huruma, nikamnyang'anya mama yake Jumapili yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wiki mbili Yokasta hakukanyaga chumbani kwangu. Kwenye mashine alilala akitazama ukuta, na nikipita na kitoroli cha vitabu anajifunika shuka. Wiki ya tatu nikavuta kiti nikakaa karibu naye. Nikamwambia nilimdanganya mara mbili, nilipopita kwenye sita na aliponiuliza habari ya figo.

"Mara tatu," alisema bila kugeuka. "Ulisema nimecheza kama bingwa."

Hiyo ya tatu sikuwa nimeihesabu, Mjomba. Nayo ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Jumanne iliyopita alirudi. Nimempiga michezo minne mfululizo, hakuna kulegeza. Lakini kila mchezo ukiisha, nishinde nisishinde, huzifunua kete zangu moja moja na kuzipitia kwa kidole, akikumbuka nilipita wapi. Nakaa na mikono juu ya meza kama mwizi aliyeshikwa sokoni. Akimaliza husema "haya", tunachanganya upya. Jina lake sasa limo kwenye orodha ya wanaongoja figo, na ile juisi ya pesheni nayo inangoja. Aliniuliza nani alinifundisha mchezo, nikakutaja wewe. Anasema ukija Desemba uje na kete zako mwenyewe, zangu haziamini.

Msalimie sana Zunilda, na Radhamés, na wale mapacha wake. Mama anakusalimu na anauliza dawa yake ya mgongo.

Kuna jambo moja nimelizunguka barua nzima, naona haya kuliuliza. Siku ile nilipokushinda mara ya kwanza, siku tisa za matanga ya Baba zilikuwa hazijaisha. Tulikuwa uani kwa Bibi, watu bado wanasali ndani. Uligonga meza ukapita kwenye nne, nami nikamaliza. Halafu ukazichanganya kete zote kabla hatujahesabu, jambo ambalo hukulifanya kabla ya siku hiyo wala baada yake. Miaka thelathini na miwili sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Ulikuwa na nne mkononi, Mjomba? Niandikie ukweli, nitauvumilia. Mungu akukinge na baridi hiyo, na Desemba akurudishe salama kwenye meza yetu.

Wako akupendaye, jibu liwe lolote,

Mpwa wako,
Belkis