Jina Nililolipaza Kwenye Ukungu

Malisho ya juu,
Mwezi wa kukamua farasi

Kwako dada yangu Sayragul,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe, shemeji na watoto. Mgongo wako umepoa? Sisi huku tuko salama, mifugo imenenepa, na kumis, maziwa yetu ya farasi yaliyochachuka, mwaka huu ni kali hadi mume wangu Kubat anasinzia juu ya tandiko. Nimekutumia jibini kavu kwa dereva wa lori. Usiwape watoto yote, wataumwa na meno.

Katika barua yako umeniuliza, kwa ule ukali wako wa kialimu, kama bado nameza maneno. Ndiyo dada, bado. Jina la baba mkwe silitamki, kama vile mama mkwe asivyolitamka tangu aletwe hapa akiwa bibi harusi. Na kwa kuwa jina lenyewe lina maana ya "asimame", basi hata kusema "simama" nimekatazwa. Ulicheka siku ya harusi ukaniambia nitawaambia nini kondoo. Nawaambia "tulia," na wananielewa kuliko wanafunzi wako.

Marehemu mama yake ndiye aliyempa jina hilo. Alikuwa amezika watoto kabla yake, akaomba huyu asimame, abaki. Amebaki hadi ndevu zimekuwa nyeupe. Mimi jina la namna hiyo naliheshimu, na sioni aibu kukwambia.

Sasa nikupe habari. Wiki iliyopita Kubat alishuka mnadani na sufu. Mimi na mama mkwe tulikuwa tunakamua, na baba mkwe alikuwa ameondoka kwa miguu, kamba mkononi, kumfuata farasi jike mmoja mkaidi aliyetoroka na mtoto wake. Ukungu ukashuka kutoka mlimani ghafla, nikawa siioni hata ndoo niliyoishika. Unalijua lile korongo chini ya hema letu, alikotumbukia ngamia wa jirani. Tukasikia kikohozi cha baba. Hakikuwa kinakuja kwetu, kilikuwa kinaelekea korongoni.

Nikaita, "Baba! Baba!" Lakini malisho mazima yalikuwa yanaita baba. Kila hema lilikuwa na mtoto anayepiga kelele ukunguni, na yeye akadhani ni watoto wa watu. Nikapaza, "Ngoja! Tulia!" Baadaye alituambia alisikia vizuri kabisa, ila alijua tunasema na kondoo. Mama alikuwa amenishika mkono hadi kucha zikaniingia. Alifungua mdomo, nikamsikia akivuta pumzi, kisha hakikutoka kitu. Kikohozi kikasogea mbele tena.

Dada, nililipaza. "Toktosun!" Nililipaza lote, tupu, bila baba wala mzee, kama mtu anayemwita mtoto wake mtundu.

Nyayo zikakatika. Kijiwe kikaporomoka mbele yake, nasi tukakaa muda mrefu kabla ya kukisikia kikigonga chini.

Ukungu ulipoinuka alirudi kwetu taratibu, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nimejifunika uso kwa kitambaa, nimeinama hadi magotini, nalia kwa hofu na kwa haya. Akauliza ni nani aliyemwita. Mama akamjibu, "Mtu tu." Baba akasema tangu alipomzika mama yake hakuna aliyemwita hivyo, na kwamba pale ukunguni alidhani ni yeye. Akaingia ndani akaomba chai. Hakunitazama, ili nisizidi kuona haya. Ndivyo alivyo mzee huyu, nami nampenda.

Jioni malisho yote yalikuwa yameshajua. Jirani yetu Batma alikuja eti kuazima chujio, akasema, "Kumbe mkamwana wenu ana sauti ya dalali!" Mama akamwambia, "Bila sauti hiyo, saa hizi ungekuwa hapa unatafuna nyama ya matanga. Pole kwa kukosa." Batma akaondoka bila chujio.

Mimi nikawa nangoja zamu yangu ya kukemewa. Kesho yake tukiwa tunapiga kumis kwenye kiriba, mama akaniambia jambo ambalo nakuomba lisitoke nyumbani kwako. Alisema yeye mwenyewe alitaka kumwita baba, kabla yangu. Jina lilifika kwenye meno likarudi. Miaka yote alijua amelifunga kwa heshima, na angelifungua siku yoyote akitaka. Siku ile akaona hawezi. "Mume wangu alikuwa anakufa," akasema, "na mimi nilikuwa bubu." Akalia, dada, yule mama ambaye hata dume la farasi linamwogopa.

Kisha akaniomba nilitamke polepole, alifuate. Nikalinong'ona. Akajaribu, akaishia "Tok", akajicheka kama msichana. Akajaribu tena. Halafu akafuta mikono, akainua pazia la mlango. Baba alikuwa anamwendea farasi wake, mgongo wake kwetu. Mama akaliita, kwa sauti ndogo ambayo sikudhani ingemfikia.

Baba alisimama. Hakugeuka upesi, na mabega yake niliyaona yakitikisika. Alipogeuka, mama akamwagiza alete samadi kavu ya kuwashia jiko. Akaileta, mzigo wa kutosha wiki nzima.

Basi usinihurumie tena. Mimi nimerudia kulimeza, na nalimeza kwa furaha, maana sasa yupo mwenye haki ya kulisema.

Wape salamu wote waniulizao, na wasioniuliza pia. Nakumbatia shingo yako.

Mdogo wako,
Begimay

Mama ananiuliza nacheka nini. Anakusalimu.