Baba Kupigwa Picha ya Mishipa ya Jicho

Temeke, Jumanne

Shikamoo Mama. Joto la huku linatukaanga bila mafuta.

Daktari alihofia kichwa kinachomsumbua Baba ni presha iliyopanda ndani, kuzunguka ubongo. Akasema atapiga picha mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho. Ikiwa imevimba, Baba atachomwa sindano ya mgongo. Na sindano unajua anavyoiogopa. Ila yeye alisikia picha, basi leo akatinga kanzu ya Idi, kofia ya vito na wanja uliokolea.

"Mzee, nani kakwambia unaoa?" Daktari alimuuliza huku akimfuta wanja kwa pamba.

"Picha ni picha, mwanangu. We piga."

Akaitabasamia mashine mpaka magego. Daktari akaikagua picha, na Baba akanibana mkono kama koleo.

"Mishipa haijavimba. Sindano hakuna, mzee. Nenda kapimwe miwani."

Baba akashusha pumzi, akaomba apewe picha aione: duara jekundu lenye mizizi mizizi.

"Ndo mie huyu? Mama yako asiione!"

Kaificha kwenye begi, chini ya kanga zako mpya. Ukiikuta, mama yangu, jifanye hujui. Tunakupenda, tumeikumbuka sana mikono yako.

Mwanao,
Hamisi