Kuyu Walioponzwa na Mdomo Wangu

Mdogo wangu Skolastika,

Najua ukiipokea barua hii utaanza na "Shikamoo kaka," hata kama sipo mbele yako. Safari hii usiniamkie kwanza. Soma hadi mwisho, halafu uamue kama bado nastahili. Kuna jambo nililokufanyia nikiwa na miaka kumi na saba, wewe kumi na minne, nami nimelinyamazia mpaka mvi zimeniota. Naliandika kwa barua ya wazi, yeyote alisome, kwa sababu aibu uliyoipata wewe ilikuwa ya hadharani.

Unakikumbuka kijito chetu cha Kanazi, kile kinachoteremka chini ya migomba kwenda mto Ruvuvu? Baba alitufundisha kuvua pale kwa ndoana, na majirani wakasema msichana akishika ufito wa kuvulia samaki watahama. Baba akawaacha waseme. Mvua ikikatika mchana na kumbikumbi wakaanza kutoka kichuguuni, ulikuwa wa kwanza kukimbia na chupa. Mimi na Baba tulitumia nyungunyungu na chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia, tukazamisha chambo matopeni kungoja kambare. Wewe ulimtunga kumbikumbi na mbawa zake, ukamwacha aelee juu ya maji, mpaka samaki aina ya kuyu anapanda mwenyewe kutoka kwenye mawe na kumnyakua. "Usiivute, kaka," ulikuwa ukininong'oneza. "Iache maji yaipeleke." Mimi nilivuta. Kila mara nilivuta.

Halafu msimu wa kumbikumbi ukaisha, na wewe hukutaka kuisha nao. Ukanyofoa unyoya wa yule jogoo mwekundu wa Mama, ukaufunga kwenye ndoana kwa uzi wa cherehani, ukaupunguza kwa wembe hadi ukafanana na mdudu. Nilikucheka mpaka nikakaa chini. Kuyu wa kwanza akaja akaumeza unyoya ule, na kicheko kikaniishia. Mama alipomkuta jogoo wake mkia umepungua, akamsingizia kicheche. Mimi, wewe na Baba tukala samaki kwa adabu, bila kutazamana.

Raha ile yote niliiharibu mimi. Sokoni vijana wenzangu walinitania kwamba kwetu mvuvi ni msichana, mimi kazi yangu kubeba kikapu. Iliniuma. Ningecheka nao tu, yangeisha. Badala yake niliwapeleka kijitoni, kwenye dimbwi lenye kina uliloligundua wewe, nikajigamba kwamba ni mimi niliyeligundua. Siku ya tatu wakamwaga utupa, ile sumu ya majani ya kuulia samaki.

Asubuhi ile haijanitoka. Kuyu wakubwa kwa wadogo, matumbo juu, hadi visamaki visivyozidi kidole. Baba alisimama majini na viatu vyake. Dimbwi lile tulilijua watatu tu. Tuliporudi uani, majirani wakiwa wamejaa kutazama, akauliza ni nani aliyewaonyesha. Jirani mmoja akadakia, "Si tulikwambia? Wasichana hawawezi kufunga mdomo." Baba akakugeukia wewe, akauvunja ufito wako kwenye goti lake. Ulinitazama, Skola. Ulijua. Nadhani uliogopa angenitoa shule. Ukapiga magoti ukasema, "Nisamehe, Baba," kwa kosa lisilo lako, na mimi nikaangalia pembeni.

Tangu siku hiyo hukushuka tena kijitoni. Uliolewa Lusahunga, unawapikia madereva wa malori, na ukija nyumbani kwenye misiba unaishia uani. Watu husema una shughuli nyingi. Mimi huitikia, ndiyo, shughuli nyingi.

Mwezi uliopita, mvua ilipokatika, nilishuka kule. Maji yamepungua na watu wamelima hadi ukingoni, lakini pale dimbwini nikaona duara likifunguka juu ya maji, kisha jingine. Kuyu wamerudi. Nilitaka kukuita kwa sauti, nikakumbuka kwa nini hupo. Nikakaa pale nikalia, mtu mzima mimi.

Nikapanda moja kwa moja kwa Baba. Siku hizi hatembei mbali, anashinda barazani. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Akasema, "Kwangu unatafuta nini? Aliyeonewa yuko Lusahunga."

Nikainuka niondoke. Akanishika mkono.

"Kaa. Andika na yangu. Mwambie mwana wanje, binti yangu, siku ile niliwasikiliza majirani wote. Yeye sikumuuliza."

Nimeandika kama alivyosema. Yangu ni hii: nilikuonea wivu, nikakuponza, ukanifichia siri, nami nikakuacha uibebe peke yako miaka yote hii. Nisamehe, mdogo wangu. Sina kisingizio.

Jumamosi nitakuja Lusahunga. Sitaingia ndani mpaka uniite. Ukiona moyo wako bado mzito, mtume mtu aniambie umetoka, hata kama nasikia sauti yako jikoni. Nitageuza bila kinyongo, na Jumamosi inayofuata nitakuja tena.

Kaka yako, mwenye kosa