Kuku Mgonjwa Nimemficha Mimi, Lawama Anabeba Binti wa Watu

Bi. Nasrin, shikamoo. Nakuandikia kwa simu nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, na nakuomba unijibu kwenye gazeti la Ijumaa hii hii, usiniweke foleni, kwa sababu Jumapili baada ya misa ya pili kuna mkutano kwenye kitongoji chetu na katika mkutano huo kuna binti wa watu atafukuzwa kwa kosa nililolifanya mimi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nimeolewa huku Masama, nina mume na watoto watatu ambao wote wako mbali, na hapa kwetu mimi ndiye ninayechanja kuku, yaani ile chanjo ya kideri ya tone moja kwenye jicho, akina mama wa kikundi walinichagua miaka minne iliyopita, nikapelekwa semina, nikapewa koti jeupe, na tangu siku hiyo watu wameacha kuniita kwa jina la mwanangu, wananiita Mama Chanjo, na sitakuficha, jina hilo nililipenda sana, nikiitwa hivyo mbele ya kanisa nilikuwa natembea tofauti kidogo.

Sasa mwezi wa saba, unajua baridi yetu ya mwezi wa saba, ukungu haunyanyuki mpaka saa sita mchana, Jumanne moja asubuhi nikamkuta kuku wangu mmoja, jike jekundu, mtagaji wangu kuliko wote, amejikunyata kwenye kona ya banda, manyoya yamemsimama, mabawa yameshuka, macho anafumba, kinyesi chake cha kijani kibichi na cha maji maji, nikamshika nikasikia anakoroma kooni, na hapo hapo moyo ukaniambia hiki ni kideri, lakini mdomo ukasema ni baridi tu, nikampa majivu na maji ya shubiri, nikafungua na kidonge cha rangi mbili kilichobaki mume wangu alipougua kifua, nikakimwaga kwenye maji yake, nikaenda zangu kupalilia.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya chanjo, na chanjo yenyewe ililetwa na afisa mifugo wetu, binti mdogo anaitwa Doris, bado anajitolea, hajaajiriwa, anatembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji na kichupa ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na ni huyo huyo Doris aliyenifundisha, aliniambia kwa mdomo wake, "Mama, ukiona kuku mmoja tu amezubaa, popote pale, hata kwako, simamisha kazi unipigie," na mimi nilikuwa na namba yake na simu ina chaji, lakini nikaona aibu, Bi. Nasrin, ni aibu tu hakuna kingine, Mama Chanjo ndiye kuku wake waanze kuugua, watu wangenicheka, basi nikamchanja yule jike mgonjwa wa kwanza kabisa nikijidanganya kwamba tone litamponya, nikasuuza chombo chake cha maji kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa tangu enzi za mababu unaopita kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumba hii hadi la nyumba ile, mpaka chini, nikanawa mikono humo humo bila sabuni, nikavaa koti langu, nikatoka na mabuti yale yale niliyoingia nayo bandani, nikaingia nyumba kumi na nane, na kila nyumba nikashika kuku mmoja mmoja kwa mikono hii.

Jumatatu iliyofuata wakaanza kufa. Walikufa kwa Martha, wakafa kwa mwalimu, wakafa kwa Bibi Theopista, na huyu Bibi ndiye ananiua mimi, ni mjane jirani yangu wa chini, alikuwa na kuku saba anawatunza kwa ajili ya mjukuu wake Victoria ambaye mwezi wa tisa anakuja kujifungulia kwake, na unajua huku kwetu mzazi hakai na mchicha, anakaa miezi mitatu anakunywa supu na mtori mpaka arudishe damu, basi wale saba wakaisha kwa siku mbili, na Bibi alipomaliza kulia akakata mkungu wa ndizi akanibebea mpaka mlangoni kwangu akasema, "Pole mwanangu, najua na wewe hawakukuachia. Wewe kazi yako ulifanya. Ni yule binti alituletea maji kwenye kichupa." Nilipokea mkungu nikasema asante. Hizo ndizi zimeiva zikaoza stoo, sijaweza kuzila wala kuzitupa.

Na sasa kitongoji kizima kinasema chanjo ilikuwa feki, Doris aliuza ya kweli akatuletea maji, barua imeshaandikwa kwenda kwa wakubwa zake, Jumapili wanamwita mbele ya watu ajibu, na mimi ndiye wanayetaka nisimame kuwa shahidi, eti kwa sababu nilikishika kichupa.

Kwangu wamekufa tisa. Aliyebaki ni yule yule jike jekundu aliyeanza, Mungu anisamehe, aliyewaua wenzake ndiye yuko hai, lakini shingo imempinda, kichwa kinaangalia juu darini, anatembea kwa kuzunguka, akidonoa punje anadonoa pembeni anakosa, nimemficha nyuma ya magunia ya kahawa stoo na namlisha uji wa ulezi kwa kidole changu, maana mtu yeyote akimwona atauliza shingo hii ilipinda lini, atahesabu siku, atajua ugonjwa ulianzia wapi. Mume wangu Jacob amejua, akaniambia, "Chinja, fukia chini ya mgomba, funga mdomo. Mkutano ukipita hakuna atakayeuliza tena." Mara mbili nimeingia na kisu. Mara mbili amekuja kuegemea mguu wangu akidhani nimeleta uji, nikakaa chini nikalia.

Usiku silali, mchana naenda nyumba kwa nyumba kuwasaidia kufukia kuku wao, ndiyo adhabu niliyojipa, lakini hata hiyo haisaidii kitu, wiki hii ugonjwa umepanda mpaka nyumba za juu ya mfongo, ambako hata sikuchanja, nimeenda tu kuwapa pole kwa ajili ya wenzao wa chini na kuwashikia jembe shambani.

Naomba uniambie, huyu kuku anaumwa nini hasa na je, atapona? Nimchinje au nimlee? Na je, nikimpelekea Bibi Theopista jani la isale kimya kimya, sisi wenyewe kwa wenyewe, si atanisamehe, ili Jumapili nisilazimike kusimama mbele ya watu? Nimechoka, Bi. Nasrin. Natamani hata huo ukungu ungenifunika nisionekane tena.

Mama wa Masama

BI. NASRIN ANAJIBU

Marahaba, mama. Majina nimebadilisha yote, na jina wanalokuita huko nalo si hilo lililoandikwa, kwa hiyo pumua kwanza.

Nimempigia daktari wa mifugo ninayemwamini hapa Moshi mjini, nikamsomea dalili zako bila kumwambia zinatoka wapi. Sikufika hata kwenye shingo, akanikatiza: kideri. Kuzubaa, kinyesi cha kijani, kukoroma, kisha wenzake kufa mfululizo na aliyenusurika kubaki amepinda shingo. Mnaofuga huko, wewe mwenyewe ukiwamo, mnakijua vizuri kuliko mimi ninayefuga kuku watano nyuma ya nyumba Majengo. Ulikijua Jumanne ile asubuhi. Hakina dawa. Majivu hayakigusi, shubiri haikigusi, na kile kidonge cha mumeo hakikigusi kabisa. Hebu acha kuwapa kuku dawa za watu. Na chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua, wala haimkingi kuku siku hiyo hiyo. Inataka wiki moja mpaka mbili mwilini. Wewe uliwafikishia ugonjwa na kinga kwa mkono mmoja, na ugonjwa ndio unaokimbia.

Sasa nikugombeze kidogo, halafu nikuhurumie.

Hizo safari za pole ziishe leo. Leo, mama, si kesho. Unatoka kumlisha kuku mwenye kideri, unavaa mabuti yale yale, unaenda kufukia mizoga kwa watu wa chini, kisha unapanda kwa watu wa juu kuwashikia jembe, halafu unaniuliza ugonjwa umevukaje mfongo. Umeuvusha wewe. Najua ulikwenda kwa uchungu, na ningekuwa mimi huenda ningekwenda pia, lakini kujitesa kwako kunaua kuku wa watu wengine. Kaa nyumbani. Chemsha hilo koti. Mabuti yasugue kwa sabuni, mbali na mfongo, na maji yake yamwage shimoni. Kwenye mfongo asinawe mtu wala kusuuzwa chombo cha kuku, na wa chini waambiwe wawanyweshe kuku wao maji ya bomba.

Kuku wako. Anaweza kupona akabaki na shingo hiyo hiyo maisha yake yote, anaweza pia kufa wiki ijayo. Kwa sasa mlee. Mtoe kwenye magunia ya kahawa, mweke kwenye tenga, mahali pakavu penye joto na mwanga hafifu, asihangaike kuzunguka. Uji uwe mzito, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Maji usimmiminie kooni, yatamwingia kwenye mapafu; chovya ncha ya mdomo, mwache ameze mwenyewe. Kinyesi na matandiko choma. Nawa kwa sabuni kila unapotoka, na uwe na nguo yake peke yake.

Unaona sikukwambia umchinje. Mume wako amekupa ushauri wa mtu mwenye hofu, simlaumu, lakini nisikilize vizuri: huyo kuku ndiye peke yake aliye hai anayeweza kuonyesha kitongoji chenu kiliingiwa na nini. Daktari ameniambia wataalamu wanaweza kumchukulia vipimo. Ukimfukia chini ya mgomba, unamfukia shahidi wa Doris. Binti atasimama Jumapili na kichupa kitupu mkononi, na watu wenye uchungu hawasikilizi kichupa kitupu. Usimpeleke kuku mkutanoni, utamaliza waliobaki. Doris ndiye aje kwako, amwone, ampige picha, na akisema achinjwe, achinjwe siku hiyo, afukiwe shimo refu. Haliwi, hauzwi, hagawiwi mtu.

Sasa isale. Mimi si Mchagga, lakini nimezaliwa Moshi hii hii na nimeona watu wakipatanishwa kwa jani hilo, na ninaliheshimu. Kwa hiyo naomba usilichezee. Unajua vizuri kwamba ukisimama mlangoni kwa Bibi Theopista na isale mkononi, hawezi kukukatalia. Mzee wa watu atakusamehe kabla hajajua anasamehe nini, kisha Jumapili atakwenda kumzomea Doris huku wewe umekaa karibu yake. Huko si kuomba msamaha, ni kumfunga bibi kikongwe mikono. Mwambie kwanza. Mwambie siku, mwambie kuku, mwambie mabuti, mwambie kwamba ndizi zake ulizipokea ukijua. Simama uani, usiingie karibu na banda. Akishasikia yote akanyamaza, akalia, akakufukuza, ni haki yake. Isale itakuja baadaye, wiki au mwaka, ukiona imefika wakati.

Halafu Jumapili utasimama. Walitaka shahidi, watampata. Useme kabla ya Doris kuulizwa neno lolote, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, kwamba chanjo ilikuwa nzima na kwamba ulifundishwa kusimama ukaona aibu ukaendelea. Maneno kumi yanatosha. Usilie sana, maana ukilia watakubembeleza wewe, na anayestahili kubembelezwa siku hiyo ni binti aliyetembea mlima mzima kwa miguu bila mshahara.

Sitakudanganya, mama. Koti watakuvua, na hilo jina ulilolipenda halitarudi. Wako watakaokusamehe kanisani na wasikusalimie njiani. Victoria atajifungua, na kila supu atakayokosa, Bibi Theopista atajua imekwenda wapi. Baadaye, ugonjwa ukishatulia na Doris akisema inawezekana kufuga tena, unaweza kuanza kumlipia polepole, lakini wale saba hawarudi, na mimi sina neno la kukuondolea hilo. Nimelitafuta tangu nilipopata barua yako, sikulipata. Huo mzigo ni wako na utaubeba. Wa Doris ndio unaoweza kuutua, na umebakiwa na siku mbili.

Kwa hiyo usisubiri Jumapili, na usisubiri Jacob akubali. Ukimaliza mstari huu usirudi kusoma juu. Kampe kuku uji, nawa kwa sabuni, mpigie Doris. Ataanza kukusalimia kwa heshima, kama alivyokuzoea. Ukimwachia amalize salamu, utaingiza habari za baridi na ukungu na hutalisema. Mkatize, umwambie, "Ni mimi."